Safu ya Arobaini na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri tuko uwanjani, watu mia tatu
wenye mabeleshi, na theluji imelala juu ya viti
kama mwenye nyumba.
Malipo ni dola kumi na tano kwa saa, na kikombe cha supu ya njegere.
Mchezo ni saa saba mchana.

Ubishi ulianza kabla hatujavaa glavu.
Verne Tollefson, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyeuchokoza:
"Lindahl hatufikishi popote.
Misimu minne ndiye mrushaji wetu,
na sijaona hata mara moja
mpira ukamtoka mkononi nikasahau kumeza.
Yadi sita. Yadi nne. Yadi saba.
Anarusha kama mtu anayelipa deni la dukani kwa senti."

"Lakini analipa," akasema Darlene Kaczmarek
bila kuinua kichwa.

Tukacheka, mvuke ukatutoka.
Tukausukuma mzigo kwenye mfereji wa mbao, ukateleza mpaka chini.

Tou Vang, mdogo wetu, anazo hesabu zote:
katika kila mipira mia, sitini na minane inafika kwa wenyewe;
iliyoporwa na wapinzani ni sita tu tangu Septemba.
"Hesabu!" Verne akagonga beleshi kwenye zege.
"Tuko nyuma kwa pointi tano, imebaki dakika moja,
hapo unataka kichaa.
Unataka mtu anayeona mlango palipo na ukuta."

Nikamkumbuka kichaa tuliyekuwa naye, Boudreau,
aliyerusha hata akiwa anaanguka,
tukabandika namba yake kwenye magari, kwenye vitanda vya watoto.
Usiku mmoja wa Januari, tunaongoza,
akautupa mpira mbali kabisa
kwa sababu tu anga lilikuwepo,
ukadakwa na mtu wa jezi nyingine.
Baba alizima redio akapanda kitandani na viatu.

"Debe tupu ndilo linalovuma," nikasema.
"Na debe lililojaa," Verne akanijibu,
"nani aliwahi kulipiga likawa ngoma?"
Sikuwa na jibu. Nikachimba.

Kufikia safu ya thelathini theluji ya chini ni barafu,
inatoka kwa vigae, inauma viganja.
Rufus Gaines, dereva wa basi la shule,
akasema swali si mkono.
"Swali ni pale wanapoinama duara,
wanaume kumi, mbavu zinauma, midomo ina damu,
wanamtazama yeye. Wanataka kusikia nini?
Mimi nina watoto arobaini nyuma na barabara ni kioo.
Hakuna mzazi aliyewahi kuniomba niendeshe kwa kipaji."
"Basi si fainali."
"Umewahi kuliendesha?"

Darlene akanyoosha mgongo. Huu ni msimu wake wa kumi na moja hapa.
"Kama anaweza kuongoza, sijui.
Najua nikienda jikoni kutazama viazi,
nikirudi, mpira bado ni wetu."

Hapo ndipo Lindahl alipotoka kwenye njia ya chini,
kofia ya sufu, suruali ya mazoezi,
na kijana wa vifaa amebeba ndoo ya maji.
Akachovya mpira ndani ya ndoo. Akaurusha. Kifuani.
Akachovya tena. Kifuani.
Ishirini, labda thelathini,
na miguu ya kijana haikusogea.

"Mnaona," Verne akanong'ona, "hata peke yake harushi mbali."
Lakini alinong'ona.

Tulikuwa safu ya arobaini na mbili, tumesimama wote.
Lindahl akageuka, akatupungia.
Wa kwanza kupunga alikuwa Verne, kwa beleshi,
na theluji yote ya beleshi ikamwingia Tou shingoni.

"Sijasema kitu," akasema Verne.

Darlene alishaanza ya arobaini na tatu.
Na juu yetu, taratibu, bila kelele,
theluji ikaanza upya.